Mwenye Mtoto

Chanthaburi, Thailand
6 Oktoba 2024

Mjomba Sadallah, shikamoo.

Naandika kwa kalamu kwa sababu mama amenikataza kukupigia simu. Anasema masikio yako yamefika mahali ukiambiwa kuna msiba unaitikia "salama tu, na huko?" Basi naomba macho yawe mazima. Mama Ashraf mpe shikamoo yangu ya mikono miwili. Ashraf mwambie nimeona picha ya pikipiki yake mpya, nimefurahi, ila kofia ya kinga huvaliwa kichwani, haitundikwi kwenye kiwiko.

Mimi ni mzima. Mvua za huku zinakaribia kuisha. Kuna tunda linaitwa doriani ambalo mji mzima unalinuka na mji mzima unalipenda. Korosho nimeziona dukani, zimefungwa kwenye vifuko vidogo kama dawa, na kwenye kifuko kuna mkorosho uliochorwa na mtu ambaye hajawahi kuuona. Nilinunua kimoja nikakila nimesimama pale pale dukani.

Mpira unakwenda, lakini haukai mahali. Hii ni klabu yangu ya nne tangu nitoke Masasi. Kocha ananikubali, ananiambia hana beki wa kushoto mwingine mwenye mapafu kama yangu, halafu Jumamosi ananiweka benchi. Sababu ni kwamba kila timu inaruhusiwa wageni wachache uwanjani, na nafasi hizo wamepewa Wabrazili. Mimi nahesabiwa mgeni. Ninayekaa naye chumba kimoja anaitwa Rhys, sisi tunamwita Risi. Mama yake ni Mthai, baba yake ni mtu wa Welisi, nchi ndogo iliyobanwa ubavuni mwa Uingereza. Ana nywele nyekundu na madoa usoni, lakini yeye anahesabiwa wa hapa, anacheza kila wiki. Alipata kitambulisho cha uraia kupitia kwa mama yake, na mwezi uliopita ameitwa timu ya taifa ya Thailand.

Sasa nina ombi. Wakili wa klabu anasema hata mimi njia ninayo kwa sababu baba ni Mthai. Kinachotakiwa ni ndugu wa upande wa mama aandike kwa mkono wake, na muhuri wa mtendaji wa kijiji, kwamba anajua habari ya kuzaliwa kwangu na kwamba baba yangu ni Prasit. Baada ya hapo tunachukuliwa mate, mimi na baba, yakapimwe. Nilimwomba mama. Amesema yeye hana mdomo katika jambo hilo, nikuombe wewe.

Baba yuko hapa mjini, bado anauza vito, mgongo umepinda kidogo. Kiswahili alichotoka nacho kwenye machimbo ya Tunduru kimebaki maneno machache: jiwe safi, bei gani, kesho. Tunazungumza hivyo hivyo na siku inakwisha. Alicheka nilipomwambia nitakuandikia. Anakukumbuka.

Klabu inataka mambo yawe tayari kabla ligi haijaisha mwezi wa Mei. Usichelewe, Mjomba.

Mpwa wako,
Lukmani


Makote, Newala
24 Novemba 2024

Lukmani mpwa wangu, marahaba.

Kwanza tuelewane kuhusu masikio. Hayana neno. Ni watu wa siku hizi ndio wanaongea kana kwamba wana uji mdomoni. Mama yako ndiye kiongozi wao.

Sisi tumo. Mnada wa kwanza wa korosho bei ilitabasamu, wa pili ikanuna, wa tatu tunaungoja tukiwa tumekunja mikono. Mvua bado, kwa hiyo maji tunayafuata bondeni kama kawaida yetu watu wa juu huku, na Ashraf ameifanya hiyo pikipiki yake kuwa punda wa madumu. Mama Ashraf amekuandalia ming'oko, ile mizizi ya porini unayoipenda, akakumbuka kwamba uko Thailand, akaila mwenyewe kwa huzuni. Mama yako nilimpitia Masasi wiki juzi. Bado anauza uji na chapati pale hospitali ya Mkomaindo kwa watu wanaouguza wagonjwa wao. Amenenepa kidogo. Usimwambie nimesema.

Habari ya huyo Risi imenifurahisha. Wewe unamwona wa ajabu kwa sababu ya nywele, lakini kwa hesabu zetu hana ajabu lolote. Mama yake ni Mthai, basi na yeye ni Mthai, hata angekuwa na nywele za kijani. Mtoto ni wa tumbo lililomzaa, ni wa kina mama yake na mjomba wake. Kumbe hata huko wanalijua hilo. Ningependa kujua mjomba wake anaitwa nani na kama ana mashamba.

Karatasi uliyoomba nimeiandika, imo humu, na muhuri upo. Nimeikalia siku nzima kuanzia asubuhi, nikaichana mara moja, nikaiandika upya kwa mwandiko ule niliokuwa nautumia nikiwa karani wa ghala la chama cha msingi, wakati watu wanasema mwandiko wa Sadallah unasomeka hata gizani. Nimeandika kweli tupu. Atakayeisoma atajua Lukmani ni nani na ametoka kwa nani.

Ila hujaniambia karatasi hiyo ikishafika itafanya nini. Nakujua. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa ukiomba maji huku unaangalia mlango.

Prasit msalimie. Mwambie na mimi namkumbuka.

Mjomba wako,
Sadallah


Chanthaburi
2 Februari 2025

Shikamoo Mjomba.

Natumaini Mama Ashraf hajambo, na mvua zimeshika, na mahindi yamesimama. Mimi mwili ni mzima. Mengine nitayasema.

Karatasi yako ilifika katikati ya Januari. Sikuifungua, kwa sababu bahasha ya ndani uliifunga na kuigonga muhuri, na wakili alisema ipelekwe hivyo hivyo. Tulikwenda ofisini mimi, wakili na baba. Baba alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mkalimani alikuwa mama mmoja aliyewahi kuishi Dar es Salaam miaka mingi, Kiswahili chake kizuri kuliko cha Ashraf. Akaanza kusoma kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kithai, sentensi kwa sentensi, karani anaandika.

Uliandika hivi, Mjomba, nimeyashika kwa moyo: "Mtoto huyu ni wa ukoo wetu. Mwenye mtoto ni mimi Sadallah, kaka wa mama yake. Bwana Prasit alikaa na dada yangu kwa heshima, tulimpenda, akaondoka. Katika mtoto huyu yeye hana fungu."

Karani akaacha kuandika. Akauliza kama huyu bwana ni baba au si baba. Mkalimani akaniangalia mimi. Nikaanza kueleza habari za ukoo, za mama, za mjomba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mtu anayetunga. Karani akafunga jalada, akasema ndugu wa mama wamekana.

Baba alikuwa amesimama. Hakugombana na mtu. Alivaa kofia yake, akaniambia kwa Kiswahili, "Kesho," akatoka. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Nimekwenda kwenye meza yake sokoni mara kadhaa, anainama kuangalia mawe mpaka niondoke. Yule mkalimani, aliyemsindikiza nje, ameniambia alichosema: kwamba aliacha mtoto kwa watu aliowaamini, na leo watu hao wamemwandikia serikalini kwamba hana mtoto.

Sikai mahali pamoja, Mjomba. Mazoezini nakimbia hata zamu isiyo yangu. Chumbani nimefunga begi mara mbili na kulifungua mara mbili, Risi ananiangalia tu. Nakuheshimu kuliko mtu yeyote, na sijui kama ulikosea au ulikusudia. Naomba usinijibu hilo. Naomba uandike tena. Andika tu: Baba yake ni Prasit. Ni maneno manne. Mei haiko mbali.

Lukmani


Makote
23 Machi 2025

Lukmani, marahaba.

Barua yako imechelewa kufika, au mimi nimechelewa kuifungua. Chagua unayoipenda.

Mahindi yamesimama. Mama Ashraf anaumwa goti, anachechemea na bado ananitangulia kufika shambani. Msikitini tumepata paa jipya.

Umeniambia nisikujibu kama nilikosea au nilikusudia, basi sitakujibu. Nitakuuliza. Ulitaka niandike nini? Aliyekupeleka jando ni nani? Aliyekaa nje ya kambi mwezi mzima akipika ugali na kuulizia kidonda chako kimekauka ni nani? Ulipotaka kuacha shule uende Mtwara kucheza mpira, aliyeitwa na mwalimu mkuu alikuwa ni Prasit? Sikumtukana yule bwana. Nilipenda kukaa naye. Alikuwa anakuja na sisi kuangalia mechi uwanja wa Lisekese, anatoka jasho kama mtungi, na timu ikifungwa anahuzunika kuliko wachezaji. Lakini mtu kuzaa na dada yako hakumfanyi awe mwenye mtoto. Hilo hata yeye alilijua, aliambiwa hapa hapa barazani kwangu, akaitikia kwa kichwa.

Sasa na wewe nijibu. Ashraf amenisomea kwenye simu yake. Nchi yetu haitaki uraia pacha. Siku ukipewa hicho kitambulisho cha kwao, pasi yetu unairudisha, unakuwa mgeni. Na mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi ya kijiji. Hayo ulikuwa unayajua Oktoba ulipokuwa unanipigia hadithi za doriani?

Mikorosho yangu unaijua. Baadhi niliipanda kwa mkono wangu, mingine niliachiwa na mjomba wangu, naye aliachiwa na wake. Watoto wangu ni wa kina mama yao, Mama Ashraf ana kaka zake na ardhi yao. Shamba langu ni la mtoto wa dada yangu, na dada yangu ana mtoto mmoja. Siku nikiondoka, mkimaliza arobaini, watu wanakaa, wanakushika mkono, wanakuita Sadallah, unakaa katika jina langu. Deni langu linakuwa lako na salamu zangu zinakuwa zako. Unataka waje wamshike mkono nani? Mtalii?

Karatasi nyingine siandiki.

Sadallah


Chanthaburi
4 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Goti la Mama Ashraf likoje? Mwambie aache ubishi, aende hospitali.

Ndiyo, nilikuwa najua. Niliogopa kukwambia kwa sababu nilijua utasema hivyo ulivyosema.

Ligi imekwisha jana. Mechi ya mwisho niliingia dakika za mwishomwisho, nikagusa mpira mara chache, nikapiga krosi moja nzuri ambayo hakuna aliyeifuata. Kocha alinikumbatia, nikajua. Klabu haitaniongezea mkataba. Wanasema wakipata karatasi zangu kabla ligi mpya haijaanza Agosti watanirudisha, la sivyo nafasi wanampa Mbrazili mwingine.

Unajua nilipocheza Mtwara mashabiki walikuwa wananiita nani? Mchina. Nikikosea, "Mchina rudi kwenu." Nilipokwenda Dar ikawa hivyo hivyo, na magazeti yakaandika kama utani. Nilikuwa nacheka nao, wewe ulinifundisha kucheka. Nimekuja huku naitwa Mwafrika. Nina miaka ishirini na mitano, miguu ya beki haizeeki polepole, na sijawahi hata siku moja kuingia uwanjani ambako hakuna mtu ananiuliza natoka wapi. Ninyi mnaniambia mimi ni wenu kabisa. Nakubali. Lakini kabisa hiyo iko Makote, na Makote hakuna ligi.

Mimi kazi yangu ni mpira. Sina kazi nyingine. Shamba sijaliomba. Jina sijaliomba. Niliomba maneno manne.

Risi ana babu yake Welisi, baba wa baba yake. Alikuwa anampigia simu kila baada ya mechi, wanazungumza pasi moja moja. Tangu Risi achague Thailand, mzee hapigi tena. Risi akifunga bado anakaa na simu mkononi. Siku ile ananieleza nilikuwa nakuwaza wewe, na nilikuwa nimekukasirikia sana, na bado.

Sitakuomba tena. Nahamia chumba cha rafiki mmoja karibu na uwanja wa shule, nafanya mazoezi peke yangu na watoto wa sekondari. Ukitaka kuniandikia anwani ni ile ile, watanihifadhia.

Lukmani


Makote
13 Julai 2025

Mpwa wangu Lukmani.

Usinipe shikamoo kabla hujamaliza kusoma.

Huku ni baridi, ukungu unakaa mpaka saa nne, na vijana wako mashambani wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Mama Ashraf alikwenda hospitali kwa ajili yako, akapewa dawa ya kuchua, anasema ameponywa na barua. Ashraf ana mchumba, binti wa mjini Newala anayeitwa Agnes. Wazee wawili wa msikitini wamenuna, mimi nimempenda.

Barua yako nilikaa nayo. Niliikasirikia, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro, nikawa siwezi kulala juu yake wala kutulia mchana. Nilikwenda shambani nikasahau panga, nikarudi kuchukua panga nikasahau nimefuata nini. Mama Ashraf akaniambia nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, niende Masasi kwa dada yangu kabla sijamchosha. Nikaenda.

Nilimkuta mama yako Mkomaindo anakanda unga. Nikamwambia niliyokuwa nimeyabeba: kwamba mtoto amenivunjia heshima, na kwamba yeye Adija ndiye wa kulaumiwa, maana jambo lilikuwa la kwake tangu mwanzo, angeandika yeye wala nisingeingizwa. Aliendelea kukanda, akakata matonge, akayafunika kitambaa, akanawa mikono. Ndipo akakaa.

Akasema, "Kaka, unadhani kwa nini nilimwambia akuombe wewe? Nilijua utaharibu."

Nilidhani sasa kweli masikio yameniacha. Nikamwambia arudie. Akarudia, hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Akasema asingeweza kumkatalia mtoto wake kwa mdomo wake, na asingeweza kuandika karatasi ya kumtoa nchini kwa mkono wake. Kwa hiyo alinipa mimi, kwa kuwa ananijua nitaandika nini kabla mimi mwenyewe sijajua. Alilia kidogo, nami nikamwacha alie. Mimi nilikuwa na hasira, halafu hasira ikakosa pa kushika, maana alichokifanya yeye kwa kunyamaza ndicho nilichokifanya mimi kwa mwandiko mzuri.

Nikajitetea kwa ukoo. Nikasema angalau mimi nilikuwa naulinda ukoo, jina na shamba. Akaniangalia, Lukmani, kama alivyokuwa akiniangalia tukiwa wadogo nikimwibia muwa wake.

"Ukoo upi, kaka? Mimi sikuzaa binti. Hata angeoa hapo mlangoni kwako, watoto wangekuwa wa mkewe. Wewe hilo hulijui?"

Nalijua. Nimelijua tangu ulipozaliwa na mkunga akatoka kusema ni wa kiume. Mama yetu alizaa sisi wawili tu, mimi siwezi kuuendeleza ukoo, na dada yangu alijaliwa wewe. Ungekaa katika jina langu, ungeokota korosho zangu maisha yako yote, halafu tungeishia hapo hapo. Nilikuwa nazungumza habari za ukoo kwa sababu mwanamume mzima anaweza kuzizungumza mbele za watu. Si ukoo niliokuwa naulilia. Nilikuwa nakulilia wewe. Niliogopa kwamba ukishakuwa wa kwao, siku moja utaacha kuniita mjomba, na hakuna sheria yoyote nitakayoishika nikudai. Huyo mzee wa Welisi simjui, lakini namwelewa vizuri mno, na sitaki kuwa yeye.

Shamba nimemwambia Ashraf ni lake. Watu wa ukoo wa mbali wakija kulidai nitawaonyesha nani amekuwa akipuliza salfa humo. Alikuwa ananoa panga, akaendelea kunoa, akaniuliza kama Lukmani anajua. Nikamwambia anajua. Sasa unajua.

Humu ndani mna karatasi mbili. Ya kwanza ni ya ofisi. Ina maneno manne uliyoyataka, nami nimeongeza tarehe, kijiji na majina yetu wawili, maana safari hii mama yako naye ameweka sahihi yake chini ya yangu. Nimeichana mara nyingi zaidi kuliko ile ya kwanza, si kwa sababu ya mwandiko. Ya pili ni ya Prasit. Mwambie yule mama wa Dar amsomee taratibu. Nimemwomba radhi kwa fedheha ya mbele ya karani. Nimemwambia kwetu sisi mwenye mtoto ni mjomba na itabaki hivyo mpaka nife, lakini mtoto huyu miguu yake hajaipata kwangu, mimi nilikuwa mlinda mlango na mlinda mlango mbaya. Nimemwomba akufuate ofisini.

Nimempa dereva wa basi bahasha hii aipeleke posta kubwa ya Mtwara, sikutaka ikae huku. Agosti naiona inakuja.

Mjomba wako,
Sadallah


Chanthaburi
28 Septemba 2025

Mjomba wangu, shikamoo. Shikamoo tena kwa ile uliyonikataza.

Mama Ashraf naomba umpe pole na hongera kwa pamoja. Ashraf mwambie nimefurahi kwa shamba kuliko kwa mchumba, na kwa mchumba nimefurahi sana. Mama nimempigia, kitu cha kwanza akaniuliza kama nimekula.

Barua yako ilifika mwishoni mwa Agosti. Klabu yangu ilikuwa imeshamleta Mbrazili, nilimwona kwenye picha ukutani akitabasamu na jezi yangu ya namba tatu. Sitakudanganya, nilikaa kwenye ngazi za uwanja nikakulaumu mchana mzima. Halafu nikaenda sokoni kwa baba, nikaweka karatasi yako ya pili juu ya mawe yake. Hakuinama safari hii. Akafunga meza, tukaenda kwa yule mama. Alisomewa mara mbili. Pale penye mlinda mlango mbaya alicheka mpaka akashika mgongo. Halafu akauliza kama bado unaishi kwenye nyumba ile yenye baraza. Siku iliyofuata alikuwa ofisini kabla yangu, na shati lile jeupe.

Mate yalipimwa, majibu hayakumshangaza mtu. Kitambulisho nimekipata wiki mbili zilizopita. Nimesajiliwa na timu ya daraja la pili, mji mwingine wa pwani, uwanja mdogo, nyasi zina upara katikati. Ni klabu yangu ya tano. Jumapili nimecheza dakika zote tisini. Nilikosea pasi moja mbaya sana kipindi cha kwanza, nikasubiri wanipigie kelele nirudi kwetu. Mzee mmoja jukwaani alinitukana kwa Kithai, akanitukana kama anavyotukanwa beki yeyote mbovu. Nilitaka kumkumbatia. Risi, ambaye timu yake haikuwa na mechi siku hiyo, alikuja kuniangalia, na baba alikaa pembeni yake akimfundisha kusema "jiwe safi" kila nikigusa mpira.

Pasi ya Tanzania nimeirudisha. Nilifikiri watanipa hotuba. Walinipa risiti.

Disemba ligi inapumzika na ninakuja. Viza inaombwa kwa mtandao, Risi alikuwa ananisaidia kubonyeza kwenye kompyuta yake. Jina langu, sawa. Mwenyeji wangu Tanzania ni nani, nikamtajia: Sadallah, Makote, Newala. Kisha wakauliza ninakwenda kufanya nini, na majibu ni ya kuchagua: biashara, utalii, mkutano, kutembelea ndugu. Risi akataka kubonyeza la mwisho. Nikamwambia angoje.

Nilikaa nikilitazama neno hilo, kutembelea, mpaka kioo kikazimika. Nikalia, Mjomba, mtu mzima, mbele ya Risi, naye akatoka nje akaniachia chumba. Nilitafuta jibu jingine kwenye orodha yao, halikuwepo. Basi nikawasha tena, nikabonyeza kutembelea kwa kidole changu mwenyewe, kwa sababu bila hilo hawaniruhusu kuja kwako.

Lukmani